Dramu Yenye Alama Nyekundu

Mtu akija kwangu akasema anataka "kile kidude cha chini ya gari", huwa simjibu. Nasubiri. Kila kitu kwenye gari kina jina lake, na mimi nilitunza stoo ya spea kwenye karakana ya serikali Singida Mjini miaka thelathini na moja, majina yote nikiyajua, na namba zake, na rafu kilipokaa kila kimoja. Madereva walikuwa wananiogopa kuliko meneja. Hukupata nati mpya kwangu kama hujaja na ile iliyokufa mkononi. Jina langu ni Editha, lakini hata mchungaji ananiita Mama Stoo, na nilipostaafu kazi, jina lilikataa kustaafu.

Siku hizi nakusanya spea za Landrova za zamani. Siuzi. Tuko watu tisa, wengine Dodoma, wengine Manyoni, mmoja Babati, kila mmoja na gari lake linalozeeka naye. Mimi peke yangu sina gari, nina stoo tu. Tuna kundi la WhatsApp na sharti moja: spea inakwenda kwa mwenye gari litakalotembea, bila kuuziana, na siku mwenzako akikwama na wewe unatoa. Wanangu wakija likizo wananiuliza kwa nini giaboksi imelala kwenye chumba cha wageni. Nawaambia ilitangulia kufika.

Hasira yangu ni moja. Landrova haifi hapa kwetu, inagawanywa. Ekseli inakuwa mtaimbo. Springi zinakuwa mapanga. Boneti inafunika banda la kuku, ringi inakuwa kengele ya shule, na tangi linatundikwa porini huko Itigi nyuki wakahamia. Ukimwambia mtu kwamba hicho alichokalia ni kiti cha mwaka sitini na saba na kuna mwenzetu Dodoma anakililia, anakutazama kama umekuja kumnyang'anya mtoto.

Sasa nisikilizeni habari ya Chediel.

Chediel ni mwalimu wa shule ya msingi, jirani yangu hapa Unyambwa. Alihangaika na Landrova ndefu ya baba yake miaka sita. Baba yake, Mzee Mazengo, aliiendesha gari hiyo tangu ikiwa mali ya idara ya mifugo, na ilipouzwa mnadani akainunua mwenyewe kama mtu anayemkomboa ndugu yake. Alikuja Singida kijana kutoka upande wa Manyoni, akaoa hapa, akazika mke hapa, na mpaka uzee wake alikuwa anatusalimia kwa Kigogo, "Mbukwa" hata mlangoni mwa kanisa. Mwaka huu akiwa na miaka themanini na sita moyo wake ukachoka. Miguu ikavimba. Hospitali walimrudisha nyumbani na vidonge na maneno mazuri.

Alikuwa na ombi moja, na aliniambia mimi mwenyewe, amekaa kwenye kigoda chake uani, Landrova imesimama mbele yake haina hata betri.

"Mama Stoo, mimi nimemwendesha bwana mifugo miaka thelathini na minne. Yeye kushoto, mimi kulia. Yeye anakula karanga, anatazama nchi. Mimi natazama mashimo. Nataka siku moja tu nikae kushoto. Nile karanga, nitazame nchi mpaka Mkiwa."

"Utakaa, mzee," nikamwambia. "Kwa nini usikae sasa hivi, uonje kiti?"

"Gari iliyosimama ni benchi," akasema. "Benchi ninalo."

Basi kundi zima likainamia gari lile. Manyoni wakatoa pampu ya maji. Babati akatoa taa. Mimi nilitoa kila kitu chumba cha wageni kilichokuwa nacho. Mwezi wa sita, alizeti zikiwa zimeshavunwa na upepo wetu wa baridi umeshaanza kuchokonoa mabati, injini ikawaka. Chediel akanunua pakiti ya karanga za kukaanga, akaiweka kwenye kijirafu cha dashibodi, mbele ya kiti cha kushoto. Alhamisi akaitoa gari kuijaribu, akaenda mita mia mbili, akarudi kwa miguu.

Dramu ya breki ya nyuma kushoto ilikuwa na ufa. Nilienda na spana yangu. Dramu ya breki ni chuma kizito cha duara, mfano wa sufuria isiyo na mfuniko, na haihitaji mashine kuipima. Ukiigonga ikiwa nzima, inalia, sauti inakaa hewani. Ikiwa na ufa, inasema "ko" na kunyamaza. Niligonga. Ikasema ko.

"Si twende nayo hivyo hivyo, Mama Stoo?" Chediel akasema. "Breki tatu zipo. Tutakwenda mwendo wa bibi harusi."

"Na baba yako ndani? Hapa kwenu mpaka lami ni mteremko mtupu. Thubutu."

"Mzee hana siku nyingi, mama yangu."

"Ndiyo maana hatutamuua sisi. Nipe siku tatu."

Mzee Mazengo alisikia yote kutoka kwenye kigoda chake. Akainua mkono. Kwake yeye, Mama Stoo akisema siku tatu, ni siku tatu.

Ijumaa nikaenda Mkiwa. Pale njia panda kulikuwa na Landrova iliyokufa zamani, nyuma ya kibanda cha mama mmoja anayeuza chakula kwa madereva wa malori, Mama Janeth. Nilifika nikakuta gari halipo, pamebaki doa la mafuta na majani. Lakini dramu moja niliiona kabla hata sijasalimia. Ilikuwa chini ya sufuria ya maharage, imejaa mkaa unaowaka.

"Karibu mama, wali upo, ugali upo," akasema.

"Dada yangu, hicho unachopikia unakijua?"

"Jiko?"

"Hiyo ni dramu ya breki ya Landrova. Inchi kumi na moja."

Akaliangalia, akaniangalia. "Jiko hili halijawahi kuniangusha tangu nianze biashara."

Nikamwomba aniipulie maharage. Akacheka, akadhani utani, alipoona sicheki akaipua. Nikachukua kipande cha chuma nikaigonga ile dramu pembeni. Ko. Moto wa miaka ulikuwa umeshaila, imepinda kama bakuli la plastiki lililosahaulika juani. Nikauliza nyingine tatu ziko wapi. Wanunuzi wa vyuma chakavu walizibeba. Lini? Juzi tu. Kwa nini kila kitu ninachokitafuta mimi kimebebwa juzi tu? Nilikula wali maharage kwa hasira, na nakiri maharage yalikuwa yameiva vizuri.

Jumamosi mwenzetu Benson wa Dodoma akapiga simu kwa furaha: ameshatuma dramu kwa basi, nikaipokee stendi. Nikapanda bodaboda mpaka mjini, nikangoja basi saa mbili na nusu, nikapewa boksi, nikalifungua hapo hapo juu ya benchi. Inchi kumi. Dramu ya Landrova fupi. Nilimpigia.

"Benson, nilisema inchi ngapi?"

"Shikamoo, Mama Stoo. Si zinafanana?"

"Hata wewe na baba yako mnafanana. Nikimtaka baba yako utakuja wewe?"

Nikakata simu. Nilirudi Unyambwa na lile boksi mapajani, vumbi la Singida limenijaa mpaka kwenye meno, najisikia kulia.

Na sasa niseme ukweli. Dramu nzima, inchi kumi na moja, nilikuwa najua ilipo tangu ile Alhamisi. Mkiwa nilikwenda kwa sababu sikutaka kwenda pale ilipo. Na ilikuwa dakika kumi kutoka mlangoni kwangu, inaning'inia kwenye mti nje ya kanisa letu. Ndiyo kengele yetu.

Mwaka tisini na tisa mtaa wetu ulikuwa umejenga kanisa, halina kengele. Mzee Elisha, ambaye ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa mpaka leo, akaja stoo kuomba chuma chochote chenye sauti. Kitu kizima hakitoki stoo kwenda kanisani, hata angekuja askofu na fimbo yake. Kibovu kinatoka, kikishapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Nikaenda kwenye lundo la vibovu nikagonga kimoja kimoja, vyote ko, ko, ko. Na rafuni kulikuwa na dramu moja, bado ina grisi ya kiwandani. Karakana ilikuwa haina tena Landrova ya kuivaa. Nikajiambia, nani ataihitaji tena? Nikachukua brashi nikaipiga X. Jumapili nikasimama mbele ya waumini, nikatangaza kwamba dramu hii ni mbovu, serikali imeiondoa, sasa itamtumikia Bwana. Wanawake walipiga vigelegele.

Hicho ndicho kitu pekee kilichotoka stoo kwangu kwa uongo katika miaka thelathini na moja. Na kila ukifika wakati wa kuhubiri uaminifu, Mzee Elisha alikuwa ananinyooshea kidole pale nilipokaa: "Igeni kwa Mama Stoo." Nami nilikuwa nainamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Jumapili baada ya ibada nikaomba kuonana na wazee. Walikaa watano kwenye benchi la nje, kengele inaning'inia juu yetu, na Alute, mgonga kengele, amesimama pembeni na nyundo yake kana kwamba nimekuja kuinyakua nikimbie nayo. Nikawaeleza habari ya Mzee Mazengo, kushoto na karanga na yote. Nikasema naomba dramu ile, nitaleta kengele nyingine.

Mzee Elisha aliitazama kengele, kisha akawatazama wenzake mmoja mmoja. Ni mtu mwema, na wema wake ni wa polepole.

"Mama Stoo, tunampenda Mzee Mazengo. Lakini kengele hii imewekwa wakfu. Hata msalaba inao."

"Msalaba gani?"

Akanyoosha kidole. Dramu ilikuwa imetundikwa kwa waya kwenye tundu la pembeni, ikageuka kidogo, na ile X yangu ikakaa wima. Miaka ishirini na kitu watu walikuwa wanapita chini yake wakijua ni msalaba. Alute aliniambia kuna akina mama waliokuwa wanaugusa kabla ya kwenda kujifungua.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Mimi siwezi kusikia kitu kikiitwa jina lisilo lake.

"Ule si msalaba, Mzee Elisha. Ile ni X. Ni alama ya stoo, ya kitu kibovu."

Wazee wakatazamana.

"Kumbe," akasema Mzee Elisha. "Basi hapo umetusaidia. Maana na mimi nakumbuka ulitangaza hapa hapa kwamba ni mbovu. Sasa kitu kibovu tukifunge kwenye gari, tumpandishe mzee wa watu, ateremke nacho mteremko?"

"Lakini si mnaisikia inavyolia? Yenye ufa hailii hivi."

"Kulia ni kazi ya kengele. Breki ni jambo lingine. Mama Stoo, wewe huwezi kusema uongo. Uliposema mbovu, tulijua ni mbovu. Leo unasema ni nzima. Ilipona lini?"

Alinitazama kwa upole kabisa, anangoja jibu. Wote wanne wengine wananitazama. Maneno yalikuwa machache tu: ilikuwa nzima, nilidanganya. Nilimwona Alute na nyundo yake, nikawaza Jumapili zijazo, na watu wakinitazama pale nilipokaa.

"Fundi aje aipime," nikasema.

Wakafurahi. Fundi wa mjini aje, aipime, awaambie, wao wakae Jumatano waamue. Nilitoka pale nimekasirika nao kweli kweli. Kikao! Mtu anahesabiwa pumzi, wao wanataka kikao! Nilifika nyumbani nikapiga teke lile boksi la Benson, nikaumia kidole.

Fundi alisema atakuja Jumatatu. Jumatatu akasema Jumanne. Jumanne nilimpigia mara sita na mara zote alikuwa njiani. Njiani wapi? Kutoka mjini mpaka Unyambwa hata bata hawezi kuwa njiani siku nzima. Jumatano akazima simu. Wazee nao hawakukaa, maana wawili walikuwa kwenye kikao cha harusi. Niliwasema wote, mmoja mmoja, kwa sauti, nikifua nguo uani. Kuku walinikimbia.

Chediel alikuwa anapiga simu kila jioni. "Vipi, mama yangu?"

"Wazee wananichelewesha."

"Wanataka nini hasa? Nije niongee nao?"

"Usije. Nitamaliza mwenyewe."

Alhamisi mchana nilienda kumwona Mzee Mazengo. Siku zangu tatu zilikuwa zimeshakuwa saba. Walikuwa wamemtoa uani, yuko ndani kitandani, lakini dirisha limefunguliwa aione Landrova. Ilikuwa juu ya jeki, gurudumu la nyuma halipo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbukwa." Pumzi yake ilikuwa inakuja kwa awamu. "Imepatikana?"

"Iko karibu sana."

"Stoo yako haijawahi kukosa kitu."

"Wazee wa kanisa wamekuwa wagumu, mzee."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayenihurumia. "Wazee," akasema. "Wavumilie. Si kosa lako."

Nilikaa naye mpaka jua likaelekea ziwa Kindai. Chediel alileta uji, akanywa vijiko vitatu. Nilipoaga akaniomba niangalie kama karanga hazijaingia wadudu. Nikatoka, nikafungua mlango wa kushoto wa gari, nikaangalia. Hazikuwa na kitu. Niliporudi dirishani kumwambia alikuwa ameshalala.

Usiku ule sikulala vizuri, na kulipopambazuka Ijumaa nilijua nitafanya nini. Hakuna fundi anayehitajika. Hakuna kikao kinachohitajika. Ningekwenda kwa Mzee Elisha kabla hajatoka kwenda shambani kwake, ningesema maneno yangu machache, aniondoe kwenye mahubiri yake akitaka, nirudi na dramu, na saa nne Mzee Mazengo awe kushoto. Nilijifunga khanga mbili kwa ule upepo, nikachukua bisibisi ya zile skrubu tatu zinazoshika dramu kwenye gari, nikatoka.

Nilikuwa nimefika kwenye yale mawe makubwa ya njia ya kanisani kengele ilipogongwa.

Ikagongwa mara moja. Ikaachwa mpaka sauti ikaisha. Ikagongwa tena. Kila mtu wa Unyambwa anajua kengele ya ibada ni ya haraka haraka, na hii nyingine ni ya nini. Watu walianza kutoka milangoni, wanaume wanavua kofia, mama mmoja ananiuliza, "Nani tena?" Nilisimama na bisibisi yangu mkononi nikaisikiliza, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Ililia safi. Sauti ilikaa hewani, ikapita juu ya mawe, ikaenda kule bondeni, ndefu, imenyooka. Haikuwa na ufa hata wa unywele.

Nilimkuta Alute anaigonga na machozi yanamtoka. Mzee Elisha alikuwa amekaa kwenye lile benchi, kofia magotini.

"Amekwenda saa kumi na moja alfajiri," akasema. "Chediel ametuma mtu. Pole, Mama Stoo."

"Ilikuwa nzima," nikasema.

"Nini?"

"Dramu. Ilikuwa mpya. Niliipiga X kwa uongo ili itoke stoo. Niliwadanganya mwaka tisini na tisa, na Jumapili uliponiuliza nikanyamaza."

Alute aliacha kugonga. Mzee Elisha alinitazama, na nilitaka anifokee. Ningemshukuru kama angenifokea.

"Mbona hukusema?" akauliza, taratibu kama kawaida yake. "Tungekupa siku ile ile. Hata chakula cha mchana tusingekula kwanza."

Wiki nzima nilikuwa nimewatukana watu watano, fundi mmoja, Mama Janeth na jiko lake na Benson wa Dodoma, na wote walikuwa wamefanya walichoweza kwa akili walizopewa.

Mzee Elisha alisimama, akamwambia Alute amalizie kugonga. Kisha akachukua ngazi mwenyewe, akaishusha dramu, akaifuta vumbi kwa koti lake, akanipa. Hakuitisha kikao.

Niliifunga mwenyewe mchana ule, nyumba imejaa waombolezaji, Chediel ameniomba Landrova ndiyo imbebe baba yake. Nilitoa ile X kwa msasa. Kazi ya robo saa. Skrubu tatu, gurudumu, nati tano, basi. Akina mama waliokuwa wanapika chini ya turubai walisema nina moyo wa pekee. Ile yenye ufa niliipeleka kanisani maana Alute hakutaka waya ubaki mtupu.

Jumamosi tukamzika. Watu wa kundi letu walikuja, Benson amevaa suti. Jeneza likaingia nyuma ya Landrova sawasawa kana kwamba mtengenezaji alilipimia. Nilitaka kupanda nyuma na akina mama, lakini Chediel alinishika mkono mbele ya watu wote.

"Mama Stoo akae mbele. Yeye ndiye aliyepigana na wazee mpaka mwisho."

Mzee Elisha alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu. Akatazama chini. Wakanipa msalaba wa mbao wenye jina la marehemu niushike, wakanifungulia mlango wa kushoto, nikakaa. Pakiti ya karanga ilikuwa bado kwenye kijirafu chake. Tulipoondoka kanisani Alute akagonga. Ko. Ko. Ko. Niliona migongo ya watu ikishtuka.

Kwenye mteremko wa makaburini kundi la mbuzi likavuka ghafla. Chediel akakanyaga breki. Landrova ilisimama pale pale, haikuvuta kulia wala kushoto, na jeneza nyuma halikusogea hata nukta. Mbuzi wakapita mmoja mmoja. Chediel akashusha pumzi, akapigapiga usukani.

"Imeshika, Mama Stoo. Umeona? Nzima kabisa."

"Najua," nikasema. "Nilijua tangu mwanzo. Jumapili wazee waliniuliza kama ni nzima. Wangenipa siku ile ile. Niliona aibu, nikanyamaza."

Injini ilikuwa inanguruma. Watu waliokuwa wanatufuata kwa miguu wakaanza kutufikia, wanaimba. Chediel alitazama mbele, mbuzi walikuwa wameshaisha barabarani na bado anatazama mbele. Kisha akanyoosha mkono, akachukua ile pakiti, akaichana kwa meno, akaniwekea mapajani pembeni ya msalaba.

"Kula," akasema. "Utazame nchi."

Akaingiza gia. Nilizitafuna moja moja mpaka makaburini, na nchi sikuiona.